Kufuli Tulilokuja Nalo

Siku ile naikumbuka kwa harufu zake kabla ya kitu kingine chochote: ubani, mkeka ulioungua, na maji yaliyomwagwa juu ya udongo mkavu. Miaka imepita mingi, sitaki kuihesabu. Magoti yangu yananihesabia kila nikipanda ngazi. Lakini nikinusa mkeka uliolowa, hata hapa Khuwair, ndani ya nyumba yenye viyoyozi, hurudi Matrah, nna miaka kumi na saba, nimesimama uchochoroni napiga kelele ambazo mpaka leo sijaweza kuzirudisha.

Mwanangu Nasir, nnakuandikia kwa sababu ya ile picha. Juzi ulikaa karibu yangu sebuleni ukanionesha simu yako. Kamera ya getini ilikuwa imempiga picha mtu, mwembamba, nguo za kazi, kofia ya jua, amesimama kwenye ukuta wa jirani anachungulia ndani. Ukaniambia umeshaitia kwenye kundi la mtaa, na chini yake umeandika: "Mwizi. Tahadharini."

Nikakuuliza, "Kaiba nini?"

Ukacheka. "Bado, Bibi. Ndiyo maana nimemuwahi."

Nilitaka kukujibu pale pale, nikachoka. Siku hizi nachoka kabla sijafungua mdomo. Halafu nyinyi vijana mna haraka, na maneno yangu yanakuja kwa mkongojo. Basi nimeomba daftari kwa dada yako, naandika kidogo kidogo baada ya kahawa. Skuli yangu ilikuwa fupi, utanisamehe hati.

Unalijua lile kufuli la shaba lililo juu ya kabati la vyombo. Nyote mmelichezea mlipokuwa wadogo, na kila mmoja ameniuliza kwa nini halifungi. Nikiwaambia limezeeka. Uongo, mwanangu. Lilivunjwa. Leo nakwambia nani alilivunja, na miye nilimlipa nini.

Tuliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne, baada ya mapinduzi, baba, mama na mimi. Mambo ya mwaka ule sitokusimulia. Mama yako nimemsimulia mara moja, nikaona inatosha. Nitakwambia moja tu. Asubuhi tuliyorudi nyumbani kuchukua nguo tulikuta mlango wazi. Walikuwa wameng'oa tumbuu, ile pete ya chuma ya kutilia kufuli, kwenye mbao, na kufuli lenyewe lilikuwa zima, limefungwa, limelala kizingitini. Mama hakulia. Aliinama akaliokota, akalifunga kwenye pindo la kanga. Vitu vingi tuliviacha. Nyumba ilibaki, kufuli likaja Omani.

Matrah tulipata vyumba viwili vyenye uwanja mdogo. Kuta za mawe na udongo, mlango wa mbao, paa la makuti ya mtende. Baba hakupata kazi. Akakaa miezi michache kisha akaenda Kuwait kutafuta, akatuacha wanawake wawili katika mtaa ambao Kiarabu chao kilitupita kwa kasi. Kabla hajaondoka mama alimpa kazi moja ya mwisho: apigilie tumbuu mpya, nene, mlangoni. Kufuli likatundikwa. Ufunguo mmoja mama akauvaa shingoni, wa pili nikapewa mimi.

Sasa sikiliza desturi ya mtaa ule, maana hapa ndipo tulipopotea. Usiku, usalama ulikuwa wa Serikali. Lango la mji lilifungwa, na aliyetembea baada ya hapo sharti abebe fanusi ili uso wake uonekane. Lakini mchana usalama ulikuwa wetu wenyewe, na ulinzi wenyewe ulikuwa ni kuacha mlango bila kufunga. Pazia tu. Mapaa yale ya makuti yalikuwa yamegusana nyumba kwa nyumba, na jua linayakausha mwaka mzima. Cheche ikishika kwangu, kabla hujamaliza kikombe cha kahawa imefika nyumba ya sita. Kwa hivyo mwanamke akitoka humwambia jirani, "Nyumba iko kwako," na jirani atapita mara mbili tatu, ataangalia jiko, atafunika makaa, atamnyamazisha mtoto, atatoka. Hakuna aliyeona ajabu.

Mama hakuweza. Kila mlango usiofungwa kwake ulikuwa ni ule mlango wa Unguja.

Jirani yetu wa ukutani alikuwa Bi Salma, mtu wa Matrah, aliyewahi kukaa Unguja kwa mumewe zamani, kwa hivyo Kiswahili alikuwa nacho, chenye vumbi kidogo. Siku ya kwanza kuliona lile kufuli alilishika, akalipima uzito, akatazama juu.

"Mama Moza," akasema, "mlango una kufuli la ngome, paa mbuzi anaweza kulila. Mnamfungia nani, ya habibti?"

Mama alicheka kwa adabu. Bi Salma alipotoka, aligeuza ufunguo.

Na palikuwa na Murad. Huyu ndiye ninayetaka umjue. Murad alikuwa Mbulushi, mtu wa makamo, jicho moja lina ukungu, na kazi yake kuleta maji mtaani kwa punda, madebe mawili kila upande. Akifika mlangoni hukohoa mara mbili, halafu hugeuza uso ukutani mpaka mwanamke apite. Nyumba nyingine aliingia mpaka kwenye mtungi uwanjani, akamimina, akatoka bila kuinua macho. Kwetu, kwa sababu ya kufuli, aliyaacha madebe nje na sisi tukayavuta wenyewe. Hakulalamika. Alikuwa akimsemesha punda wake kwa Kibulushi mfululizo, nami nikijiambia labda anamsimulia habari za kila nyumba. Nilikuwa hivyo, mwanangu, mtu wa kuwaza. Nikitumwa chumvi narudi na hadithi, chumvi nimeisahau.

Ndoto yangu kubwa wakati ule ilikuwa cherehani. Baba angerudi kutoka Kuwait na cherehani ya mkono, miye nishone, mtaa mzima uvae kazi yangu, mama avue ule ufunguo shingoni. Kila meli ya barua ikipiga honi bandarini, hapo penye meli kubwa za watalii sasa, roho yangu ilitangulia ufukweni, miguu ikafuata.

Asubuhi ile palikuwa na msiba upande wa pili wa mtaa. Wanawake wote walikwenda, mama na Bi Salma pia. Miye nilibakishwa nipike wali na nifukize nguo ya mama ya kuvaa jioni. Nikatia makaa kwenye chetezo, nikatia ubani, nikakifunika kwa tenga, na nguo nikaitandaza juu ya tenga. Chini palikuwa na mkeka. Mama aliniambia mara mia: mkeka ondoa kwanza. Nikasema nitauondoa sasa hivi.

Meli ikapiga honi.

Nilitoka mbio. Kitu kimoja tu sikukisahau: nilifunga kufuli.

Barua haikuwapo. Nilisubiri, nikauliza mara mbili, karani akanitazama kwa huruma, nikarudi pole pole nikiburura ndala. Nilipokata kona ya uchochoro wetu nikamuona punda wa Murad amesimama peke yake. Mlango wetu uko wazi. Kufuli liko chini, limepasuka, na jiwe kubwa pembeni yake. Na ndani ya mlango anatoka Murad, amebeba kasha letu begani.

Kasha lile ndimo yalimokuwa maisha yetu: bangili za mama, vyeti vyetu, barua za baba, picha ya bibi yangu. Kwa dakika ile sikuwa Matrah. Nilikuwa kizingitini kwetu Unguja, na kufuli limelala chini.

Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Kwa Kiswahili! Uchochoro mzima hakuna aliyenielewa. Nikabadili, "Harami! Harami!" Hilo walilielewa.

Murad alilitua kasha chini taratibu, kama yai. Akanyoosha mikono. "Dukhan," akasema, "ya binti, dukhan." Akaonesha paa.

Sasa miye nna jambo la kukiri, na sijalikiri mara nyingi. Naweza kukwambia kuwa Kiarabu changu kilikuwa kibovu. Kilikuwa kibovu kweli. Lakini "dukhan" nililijua tangu chuoni, lilikuwa kwenye msahafu. Moshi. Nilimsikia akisema moshi, na nilielewa, na wakati huo huo wanaume walikuwa wameshamkamata mabega, na miye nikawa nimeshapiga kelele, na kelele ikishatoka mtu huona haya kuirudisha. Nikanyamaza.

Akaja askari wa Liwali, bunduki begani, kijana, labda umri kama wako. Akaniuliza kwa upole.

"Umemuona anatoka na kasha lenu?"

"Ndiyo."

"Mlango ulifungwa kwa kufuli?"

"Ndiyo."

"Yeye ndiye aliyelivunja?"

"Ndiyo."

Majibu matatu, mwanangu, na hakuna hata moja la uongo. Ukiyaweka pamoja, yote uongo.

Utaniuliza, kwa nini hakuna aliyeingia ndani akatazama? Haikuwezekana. Nyumba ya wanawake wasio na mwanamume, mama hayupo, nani angetia mguu? Wanaume wale walikuwa na heshima zao. Walisimama nje ya pazia wakageuza nyuso. Na kwa heshima ile ile kosa la Murad likawa mawili: kavunja, na kaingia kwa wanawake. Wakamchukua. Punda akabaki.

Niliingia. Nguo ya mama ilikuwa imekwisha, umebaki ukosi. Mkeka umeungua tobo kubwa, nusu yake majivu. Juu, makuti ya paa yamefanya weusi mahali upana wa sinia. Weusi tu; moto ulikuwa umebakisha dakika chache kushika. Na chini maji, maji kila mahali, mtungi wetu umepinduliwa, na pembeni yake madebe mawili ya Murad, matupu.

Mwizi haingii kuiba na madebe mawili ya maji. Kasha alikuwa akilitoa lisiungue. Hata punda angelijua hilo.

Ningeliweza kutoka mbio wakati ule. Walikuwa hawajafika hata sokoni. Nilisimama, mguu mmoja ndani mmoja nje, nikawaza. Nikawaza mama atasema nini juu ya nguo. Nikawaza majirani: hawa Wazinjibari wa kufuli ndio nusura watuunguze. Watatufukuza, tutakwenda wapi tena? Tulishafukuzwa mara moja. Nikajiambia, Liwali ni mtu mzima, atamuuliza, atajua mwenyewe, atamuachia jioni. Nikaukunja mkeka nikauficha nyuma ya choo, na madebe nikayafunika kwa gunia. Nikafagia, nikiomba mama asitazame juu. Nikamwambia mama nguo imeibiwa.

Mama alilipiga busu lile kasha. "Alhamdulillah," akasema, "mwanangu kaliokoa."

Usiku ule sikulala, na wa pili pia. Murad hakuachiwa. Nilisikia wanaume wakisema nje ya pazia kuwa yumo ngomeni, ana chuma miguuni, kila akiulizwa anasema moshi, moshi, na hakuna mtu mwingine aliyeuona huo moshi. Wakasema Liwali atamaliza shauri lake siku ya Jumamosi, na akimuona na hatia atapelekwa ngome ya Maskati. Waliokwenda kule walikuwa hawarudi upesi. Wengine hawakurudi.

Ijumaa baada ya adhuhuri akaja Bi Salma na birika ya kahawa. Mama alikuwa amelala. Bi Salma hakukaa. Alizunguka uwanja mdogo ule kama mtu anayetafuta pete, akatazama juu pale palipokuwa peusi, akatazama gunia, akalifunua kwa ncha ya mguu. Madebe yakalia.

Akalifunika tena. Akaketi, akamimina kikombe kimoja, akanipa.

"Punda wa Murad yuko kwangu," akasema. "Siku ya tatu hii. Anakula kama harusi."

Nikalitazama lile gunia.

"Miaka saba Murad ananiletea maji. Mume wangu alipokufa, nani aliyesimama nje ya pazia langu kila asubuhi kujua kama nimeamka? Mwanamume mzima, anakohoa mlangoni mpaka nijibu. Nisipojibu anaita majirani." Akavuta pumzi. "Moza, sikuja kukuuliza. Nimekuja kukupa nafasi useme kabla sijakuuliza. Nikikuuliza, jibu lako halitokuwa na thamani tena."

Nililia, mwanangu, hata kahawa ikaingia machozi. Nikasema yote: mkeka, meli, dukhan. Bi Salma hakunipapasa. Nilitaka anipapase. Aliniacha nilie mpaka nikajichoka mwenyewe.

"Unaogopa tutakufukuzeni," akasema mwishowe. "Wallahi, sisi tumeunguliwa mara mbili mtaa huu, na wote waliosababisha bado wanakaa humu. Mmoja ni mimi."

Kisha akanyanyuka. "Muamshe mama yako. Hilo ni lako, si langu."

Mama alisikiliza amekaa kitako, mkono umeushika ule ufunguo shingoni. Sikupigwa. Ningependa nipigwe. Alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo alikuja kuokoa, akakuta nimefunga." Akasema tena hivyo hivyo. Sijui kama alikuwa akisema nami.

Jumamosi asubuhi tulikwenda barazani kwa Liwali, watatu, tumejifunika, miye nimeubeba mkeka ulioungua kichwani, na Bi Salma na mama kila mmoja debe lake. Njiani watu walitutazama. Kulikuwa na wanaume wengi barazani, na sisi tulisimamishwa pembeni, karibu na lango. Liwali alikuwa mzee wa ndevu zilizotiwa hina. Aliposikia tumeleta neno kuhusu yule Mbulushi, akanyamazisha wengine.

Nikaufunua mkeka mbele yake. Sikujua niseme vipi kwa Kiarabu kizuri, nikasema kwa kibaya, na Bi Salma akaziba matobo.

"Siku ile askari alikuuliza?" Liwali akaniuliza.

"Aliniuliza."

"Ulimjibu kweli?"

"Nilimjibu kweli. Lakini sikumaliza."

Aliugeuza mkeka upande wa pili. Halafu hakunisema miye. Alimgeukia yule askari kijana. "Na wewe," akasema, "hukupata mwanamke mmoja mtaa mzima wa kumtuma aingie atazame?" Askari akainamisha kichwa. Nilimuonea huruma, maana alikuwa ananibebea fungu langu.

Wakamleta Murad. Alitembea kama mtu anayevuka mawe yenye maji, miguu imevimba pale palipokuwa na chuma, na lile jicho la ukungu linachuruzika. Wakamwambia yuko huru. Mama akampa madebe yake, akamuomba radhi kwa maneno mengi. Miye sikupata hata moja.

Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza kuniangalia usoni. Siku zote alikuwa akigeukia ukutani. Hakuwa na hasira. Hasira ingelinisaidia. Aliniuliza tu, kama mtu anayetaka kujua njia:

"Binti, siku nyingine nikiona moshi kwenu, nifanye nini?"

Alisubiri kweli nijibu. Nikatazama miguu yake. Akasubiri kidogo tena, kisha akainua madebe akaenda kwa punda wake.

Laiti ingeishia hapo, ningekuwa nimekusimulia hadithi ya kufurahisha. Siku zile zile mimi na mama tulizunguka mlango kwa mlango, tukisimulia kosa langu. Watu walitukaribisha, wakatupa tende, wakasema aywa, aywa, kila mtu hukosea. Lakini Murad akija na maji, nikaona mapazia yanashikwa kwa ndani. Wakimwambia acha hapo hapo nje. Mwanamke mmoja alimwambia mama, "Najua hakuiba. Lakini si ndiye yule wa ngomeni?" Wengine walisema Liwali alimuachia kwa kuona huruma. Ngomeni alitoka Jumamosi ile ile, mwanangu, lakini midomoni hakutoka. Kabla ya mwaka kwisha alimuuza punda akapanda chombo kwenda Bahrain. Bi Salma alinipasha habari kwa kupitia juu ya ukuta, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Sijui kama alifika. Sijui kama alikuwa na watoto. Kwa nini sikuwahi kumuuliza?

Na jambo jingine likatokea, dogo, ambalo linanichosha zaidi nikilikumbuka. Sisi lile kufuli hatukulitundika tena, lilikuwa limeshapasuka. Lakini mtaani yakaanza kutokea mengine. Nyumba ya kona ikafunga. Ya pili yake ikafunga. Bi Salma mwenyewe, siku moja, nikaona mlango wake una kufuli dogo jipya, na tulipoonana hakulitaja, na miye sikulitaja. Hapakuwa na mwizi aliyeongezeka Matrah. Mtu mmoja tu alikuwa amepungua.

Ndiyo habari yenyewe. Sasa nnachotaka kwako, mwanangu, nakisema wazi, maana sina nguvu ya kuzunguka.

Sikwambii ufungue milango. Wezi wapo, walikuwapo na watakuwapo, na miye mwenyewe nafunga mlango wa nyuma kila jioni na kumuuliza dada yako kama nimefunga. Mwenye hofu simcheki. Mama yangu hofu yake aliipata kwa haki. Lakini hofu ya nyumba moja uliyohama nayo usimvike mtu wa nyumba nyingine ambaye hayajui hata hayo yaliyokupata. Kabla ya kumpa mtu jina lile, ingia ndani kwanza utazame. Na kama huwezi kuingia, mtume wa kuingia. Ukiulizwa, usijibu kweli nusu ukaificha nusu nyuma ya choo na chini ya gunia. Na ukishapiga kelele halafu ukajua umekosea, usingoje mpaka Jumamosi. Geuka hapo hapo, wangali kona ya soko. Ni rahisi kuliko utakavyodhani, na kila saa inayopita inakuwa nzito zaidi. Nakwambia hili kwa mwili wangu.

Yule mtu wa kofia ya jua, simjui. Huenda ni mwizi kweli. Huenda alimuona paka kaanguka kwenye tangi la maji. Na wewe humjui, Nasir, na wale wote waliokushukuru hawamjui, na hivi sasa uso wake uko kwenye simu za mtaa mzima na kesho atapita kwenda kazini. Itoe ile picha. Kisha andika pale pale ulipoandika mwanzo, kwa herufi zile zile, kwamba hujamuona akiiba kitu. Utaona haya. Ni haya ndogo, inapona. Halafu vaa viatu utoke, muulize anaitwa nani. Ukirudi njoo uniambie jina lake, nami nitakupa lile kufuli, liwe lako.

Nimechoka, mkono unauma, na adhana hiyo inaita. Mungu akulinde uingiapo na utokapo. Akuepushe na moto, na akuepushe na ndimi, wa kwako ukiwa wa kwanza. Na siku utakapokuwa mbali, makaa umeyasahau na mlango umeufunga, Mungu akuletee mtu mwenye madebe mawili ya maji, asiyeogopa kulivunja kufuli lako. Amin.